Sala Isiyo na Ukurasa

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sijui walipima kwa futi gani. Yangu mimi ilikwenda miaka thelathini na mmoja, ikapita kwenye harusi yangu mwenyewe, ikapita kwenye vitanda vya wagonjwa na vya watoto wachanga, na ingekuwa inaendelea hadi leo kama mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu asingenikuta juu ya ngazi nimekumbatia kioo.

Nilikuwa naweka vioo kwenye Nyumba yetu mpya ya Ibada. Sisi ni Wabaha'i, na nyumba zetu za ibada zina pande tisa, kwa hiyo na hii ilikuwa na pande tisa, milango tisa, na juu ya kila mlango dirisha refu lililochongoka kama jani. Aliyechora madirisha yale hajawahi kushika kioo maishani mwake, hilo nasema bila kumsengenya, maana nilimwambia mwenyewe usoni. Hakuna pembe iliyolingana na mwenzake. Lakini kazi niliipenda. Dini yetu inafundisha kwamba kazi ikifanywa kwa moyo wa kuwatumikia watu nayo ni ibada, basi mimi nilikuwa naabudu tangu saa moja asubuhi, na kila kioo kilipogoma kuingia kwenye fremu nilikuwa nameza maneno ambayo si ya ibada hata kidogo.

"Fundi," sauti iliniita kutoka chini. "Shuka kidogo."

Alikuwa yeye, mwalimu mstaafu, katibu wa kamati ya ufunguzi, faili kwapani na miwani puani. Mtaa mzima unamwita Bi Ushahidi, kwa sababu ukimwambia mvua inanyesha atatoa mkono dirishani kwanza. Analijua jina hilo na nadhani analipenda, ila usoni tunamwita Mwalimu.

"Nashukaje, Mwalimu? Kioo bado hakijashika."

"Basi nitakuuliza hukohuko. Sala ya Madirisha iko kitabu gani?"

Kioo kilitaka kunitoka. Nilikishika kwa goti na paji la uso.

Itabidi nieleze, maana asiye wa kwetu anaweza kudhani ni swali la kawaida. Ndani ya Nyumba ya Ibada hatupigi gitaa, ngoma wala kinanda. Inasikika sauti ya binadamu peke yake. Na sauti hiyo haiimbi chochote kilichomjia mtu kichwani: inasoma au kuimba Maandiko Matakatifu, yetu au ya dini nyingine. Kwa hiyo Bi Ushahidi alikuwa amepiga mistari kwenye karatasi, jina la sala, kitabu, ukurasa. Kwaya ilikuwa imeandaa sala saba. Sita zilikuwa na ukurasa. Ya saba, iliyopangwa kuimbwa mwanzo kabisa, sauti ya kwanza kusikika ndani ya ukumbi ule, palikuwa peupe.

"Mkeo ndiye kiongozi wa kwaya, nimemuuliza," alisema. "Anasema aliipata kwako."

"Ni kweli."

"Na wewe uliipata wapi?"

"Zamani hizo, Mwalimu. Nitatazama."

"Mimi nimeshatazama. Nimepekua vitabu vyote vya sala, vya zamani na vya sasa. Nimeandikia marafiki wa miji mitatu. Wote wanaijua, wote wanaiimba, wengine wamewafundisha wajukuu. Mwenye ukurasa hakuna." Alivua miwani. "Halafu kuna jambo linanisumbua. Ina vina."

"Vina?"

"Vya kati na vya mwisho. Na kila mstari una mizani kumi na sita, nimehesabu. Tafsiri gani hiyo, fundi, inayovuka kutoka lugha nyingine ikafika huku mizani yake imetimia?"

"Labda mtafsiri alikuwa hodari."

"Labda," alisema, akaandika kitu kwenye faili.

Mwalimu wa hesabu akikwambia labda, jibu analo tayari. Anachongoja ni wewe uonyeshe njia.

Sasa niseme kosa lenyewe, maana nikizidi kuzunguka mtadhani niliiba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kila baada ya siku kumi na tisa jumuiya yetu hukutana kwenye Karamu: tunaanza na sala na masomo, tunashauriana mambo yetu, tunamaliza na chai na porojo. Karamu ya siku hiyo ilikuwa nyumbani kwa fundi saa mmoja, mtu wa maneno machache na vidole vyembamba, ambaye mimi nilikuwa natafuta jinsi ya kumwita baba mkwe. Kwetu ndoa haifungwi mpaka wazazi wote walio hai wa pande zote mbili waridhie. Wazazi wangu waliridhia kabla sijamaliza sentensi. Mama yake binti aliridhia. Fundi saa alikuwa amenikalia mwaka mmoja na nusu bila jibu. Alimwambia binti yake kwamba kijana yule ni kama saa ya kengele iliyoharibika, inalia ovyo, na katika kulia kwake kote hakuna neno la mtu kushika.

Siku hiyo nilitoka kazini moja kwa moja, nikachelewa, nikakaa karibu na mlango na kitabu changu cheusi mkononi. Fundi saa akanyoosha kidole. "Kijana, tusomee sala."

Nikafungua kitabu. Nikasoma kimoyomoyo: duka la nyama, dirisha la mbele, futi nne kwa futi tatu. Nilikuwa nimebeba daftari la vipimo. Kitabu cha sala, chenye jalada jeusi vilevile, kilikuwa karakana juu ya kopo la rangi.

Mtu mwingine angesema, samahani, nimekosea kitabu. Watu wangecheka, jirani angempa chake. Au angesoma sala anayoijua kwa moyo. Mimi nilikuwa naijua moja, ndefu, na ilikuwa imenitoka kichwani yote, mbele ya macho yale yaliyozoea kutazama vitu vidogo. Sikutaka kucheka wala kuchekwa. Nilifumba macho nikaanza kutunga. Karakana tulikuwa na mchezo wa kushindana kwa beti huku tunapiga msasa fremu, kwa hiyo vina havikunisumbua. Hiki ndicho kilichotoka:

Ewe Mola wa mianga, nyumba yangu ina giza,
madirisha nimefunga, na vumbi limenijaza;
kwa wenzangu nimejenga, kwangu nimejipuuza,
ingia hata kwa ufa, usingoje kutengeza.

Fundi saa akatoa kalamu mfukoni. "Rudia," alisema. "Taratibu."

Hapo ndipo palikuwa na mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi. Nami nikarudia, taratibu. Aliandika. Na binti yake, aliyekaa pembeni yake, akaandika. Karamu iliyofuata tayari alikuwa ameitia sauti, sauti nzuri ya kupanda pole na kushuka ghafla, na watu wakaipokea kana kwamba waliijua tangu utotoni. Kabla ya mwezi kwisha fundi saa aliniita, akaniambia mtu anayesoma sala namna ile hakosi kitu ndani, akaridhia. Kwa lugha ya wazi, nilioa kwa sala ya kughushi.

Nilipanga kumwambia mke wangu baada ya harusi. Baada ya harusi nikapanga kumwambia akishajifungua. Akajifungua, akawa anambembeleza mtoto kwa sala hiyohiyo. Kisha baba yake akaugua, akakaa siku nane kitandani, na siku zote nane alitaka aimbiwe sala ile tu, na mke wangu ndiye aliyemwimbia mpaka pumzi ya mwisho. Baada ya hapo ungemwambia nini mtu? Tena kwetu ni marufuku kuungama dhambi mbele ya binadamu mwenzako. Amri ile niliikumbatia kuliko amri nyingine zote. Nilijua vizuri kwamba haimkatazi mtu kumwambia mwenzake nilikosea, nisamehe, ila sehemu hiyo nilikuwa naisoma harakaharaka.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu kwenye cherehani anashona sare za kwaya, pini mdomoni, na katikati ya pini anaimba. Yeye ni fundi cherehani, na kwa miaka yote hiyo nimejua hali ya nyumba yangu kwa kusikiliza. Mguu ukikanyaga na sala ikitoka, mambo ni mazuri. Aliimba mstari wa mwisho, akatoa pini.

"Ndiyo ya kwanza kuimbwa mle ndani," alisema. "Nikifikiria tu nashikwa na baridi. Baba angekuwepo."

Nikamimina chai ambayo sikuitaka. "Mama watoto, kwani hamwezi kuanza na nyingine?"

"Nyingine ipi?"

"Ziko nyingi. Dini yetu haina upungufu wa sala."

Aliinua mguu kwenye cherehani. "Mwalimu amekutuma?"

"Hajanituma mtu."

"Maana amekuja hapa na faili lake. Eti ukurasa. Nimemwambia sala imetumika miaka thelathini, leo ndiyo inadaiwa cheti cha kuzaliwa. Kesho kwenye mkutano wa jumuiya nitasimama, asije akasema sikusema." Akarudisha pini mdomoni, na mkutano wetu wa nyumbani ukaishia hapo.

Nilimtazama anavyoshona. Nilimpenda, na niliona aibu, na vyote viwili vilikaa mahali pamoja kifuani vikawa vinasukumana.

Mkutano ulikuwa mchana wa siku iliyofuata, kwenye chumba tulichokodi kwa miaka mingi juu ya duka la vifaa vya umeme. Namna yetu ya kushauriana ina utaratibu: kila mtu anasema wazi anachofikiri, akishasema wazo si lake tena ni la wote, na hakuna anayekasirika wazo lake likikatwa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Mke wangu alifika na futi yake ya kupimia nguo shingoni na uso wa mtu aliyekuja kukasirika.

Bi Ushahidi alieleza tatizo. Mwoka mikate, ambaye ndiye besi yetu kubwa na ana tumbo la kuthibitisha hivyo, alipendekeza paandikwe "ukurasa haujulikani". Bi Ushahidi alisema basi na yeye kesho ataleta shairi la shangazi yake na kuandika ukurasa haujulikani. Watu wakacheka kidogo. Ndipo mke wangu akasimama.

"Naomba miezi miwili," alisema. "Nitaandika barua hadi Kituo chetu cha Ulimwengu. Huko kuna maktaba, kuna watu wanaosoma maandiko katika lugha zilizoandikiwa. Watafute. Sala hii nimelelea watoto wanne. Nimemsindikiza nayo baba yangu. Haiwezekani ikawa haina kwao." Kisha akakaa.

Kichwani nilimwona mtu nisiyemjua, mpole, mwenye miwani minene, akifunua makaratasi ya kale mwaka mzima akitafuta dirisha la duka la nyama. Na nilimwona mke wangu akingoja barua kila siku mlangoni. Magoti yalininyoosha yenyewe.

"Msiandike barua," nikasema. "Haina ukurasa. Niliitunga mimi."

Nikaeleza yote, daftari la vipimo, kopo la rangi, futi nne kwa futi tatu. Nilieleza nikitazama sakafu, kwa hiyo naweza kuwaambia sakafu ile ina vigae mia moja na vinne. Nilipomaliza mwoka mikate alianza kucheka, tumbo likimtangulia, mpaka alipoutazama uso wa mke wangu; kicheko kikamrudia kooni akakohoa.

"Ahsante, fundi," alisema Bi Ushahidi, bila mshangao wowote, akaandika jina langu pale palipokuwa peupe. Kisha akalipigia mstari.

Mke wangu aliuliza kitu kimoja tu. "Nani mwingine alikuwa anajua?"

"Hakuna mtu."

"Hata baba?"

"Hata baba."

Aliitoa futi shingoni akaikunja vizuri, akaitia mkobani. Tuliporudi nyumbani yeye alipita upande wa kushoto wa barabara na mimi upande wa kulia, na kila jirani tuliyekutana naye alisalimiwa mara mbili na familia moja.

Mkutano uliamua bila sisi. Sala, au sasa shairi, halitaimbwa ndani. Litaimbwa nje bustanini baada ya ibada, na kwa kuwa ni wimbo wa mtu tu, ruksa gitaa, ruksa ngoma, ruksa makofi. Kitinda mimba wetu, binti mwenye gitaa, alifurahi mpaka akaona haya kufurahi. "Baba," aliniambia, "miaka yote nimetamani kuupigia ule wimbo, nikaambiwa sala haipigiwi mdundo wa namna hiyo." Mwoka mikate alishusha ngoma yake darini akaipangusa. Watu wazima walinipiga begani njiani. Mmoja aliniomba nimtungie ya kumwombea mjukuu afaulu mtihani.

Nyumbani hapakuwa na aliyenipiga begani. Mke wangu hakununa, afadhali angenuna. Alikuwa na adabu. Aliniuliza kama chai imekolea. Aliniambia tafadhali. Adabu ya mke wangu ikizidi kipimo najua nimekwisha. Na cherehani ilikwenda tangu asubuhi hadi jioni bila wimbo hata mmoja, mguu tu na sindano. Wiki ya kwanza nilidhani itapita. Wiki ya pili nilijikuta nakaa karakana bila kazi kwa kuogopa kurudi kwenye kimya kile. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu alichokishika siku mbaya kuliko zote maishani mwake, na sikuwa na kingine cha kumpa. Wimbo ule aliwafundisha kwaya upya pamoja na gitaa, alipanga sauti, alirekebisha besi. Alifanya yote kwa mkono. Mwenyewe hakufungua mdomo.

Siku nne kabla ya ufunguzi nilikuwa naweka kioo cha mwisho, juu ya mlango wa tisa. Alikuja peke yake kupima ukumbi. Alisimama katikati kabisa, akatoa sauti moja bila neno, akasikiliza inavyozunguka pande tisa na kumrudia. Akanitazama.

"Shuka."

"Kioo bado hakija..."

"Shuka."

Nilishuka. Nilikiegemeza kioo ukutani nikasimama mbele yake na gundi ya silikoni vidoleni kama mtoto aliyekutwa na asali.

"Nijibu kitu kimoja, na usinipambie," alisema. "Siku ile, ulipofumba macho. Ulikuwa unaomba au unadanganya?"

Nilitaka kusema nilikuwa naomba. Lilikuwa jibu zuri na lilikuwa karibu. Lakini nilikuwa nimechoka na majibu yaliyo karibu.

"Mistari miwili ya kwanza nilikuwa nadanganya," nikasema. "Mola wa mianga, vumbi, giza, ni maneno ya kuokota tu, nilikuwa natafuta vina na kumwogopa baba yako. Wa tatu ukanishika. Nilikuwa nimetoka kuweka madirisha ya watu wiki nzima, chumba changu mwenyewe nimeziba kwa ubao. Nilipolisema nikaona ni kweli, na si la chumba tu. Wa nne sikuutunga. Nilikuwa naomba. Nilisahau kama mko mle ndani."

Alikwenda hadi mlango wa tisa, akarudi.

"Baba, siku ya mwisho, maneno yalikuwa yamemwishia," alisema. "Mimi naimba yote, yeye ananifuata mdomo tu. Jioni akabaki na mstari mmoja. Alikuwa anausema hata nikinyamaza. Ingia hata kwa ufa, ingia hata kwa ufa. Nilikuwa peke yangu naye, sijawahi kumwambia mtu."

Nilishindwa pa kuweka mikono yangu.

"Alikukalia mwaka mmoja na nusu," aliendelea, na kitu kikaanza kumtetemeka kwenye pembe ya mdomo. "Alisema huna neno la mtu kushika."

Alijiziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Kicheko kilimtoka, na ukumbi ule uliojengwa kwa ajili ya sauti ya binadamu ulikichukua, ukakipeleka juu na kukizungusha mpaka ikawa kama wanacheka wake zangu tisa. Alicheka huku machozi yanamshuka, kisha machozi yakashinda, akalia kwa kelele, kana kwamba mzee wake amekufa upya. Nilimshika. Silikoni ilimganda kwenye mkono wa gauni na hakuniambia kitu.

"Sijakusamehe," alisema alipopata pumzi.

"Najua."

"Panda ukamalize kioo chako."

Siku ya ufunguzi jua lilitoka mapema kana kwamba nalo liko kwenye kamati. Ndani waliimba sala sita zenye kurasa sita, bila chombo chochote, na sitaki kuringa, lakini mwanga uliopita kwenye madirisha yale ulifika kila ulipopaswa kufika. Kisha tulitoka bustanini. Watoto wakavua viatu. Bi Ushahidi alisimama juu ya kiti, akafungua faili, akatangaza kwamba unaofuata ni wimbo wa fundi vioo wetu, umetungwa miaka thelathini na mmoja iliyopita, hauna kitabu, hauna ukurasa, na ushahidi anao.

Watu walicheka sana, nami nikacheka nao, ila macho yangu yalikuwa kwa mke wangu. Aliipa kwaya uso na umati mgongo, kwa hiyo nilizunguka nikasimama pembeni ya safu ya besi, mahali nitakapoona mdomo wake. Gitaa la binti yetu likaanza. Ngoma ikaingia. Mikono ya mke wangu ikapanda, na watu arobaini wakaimba Ewe Mola wa mianga kwa furaha ambayo wimbo ule haukuwahi kuruhusiwa.

Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Mstari wa pili, madirisha na vumbi, mdomo umefungwa, mikono tu inakwenda. Nikajiambia basi, ndiyo hivyo, nimemwulia sala yake na huu ndio mwisho wake, na nimestahili.

Mstari wa tatu akafungua mdomo.

Aliingia kwa sauti yake yote, ile ya kupanda pole, akaimba wa tatu, akaimba wa nne hadi mwisho, kichwa juu, macho makavu. Gitaa likazunguka wakaanza tena mwanzo, na yeye akafunga mdomo. Mstari wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa tatu akaingia. Kwaya nzima iliimba minne, yeye aliimba miwili, na hakuna mtu bustanini pale aliyejua kwa nini isipokuwa mimi.

Waliporudia mara ya tatu mwoka mikate alinivuta mkono nijipange nao. Nilijipanga. Nilifunga mdomo mstari wa kwanza, nikaufunga wa pili, nikamtazama mke wangu, na wa tatu tukaingia pamoja.